Kompyuta ya mkononi nzito kuwaka? Kabla hujapiga window, angalia nani anaamka nayo

FundiMlandege

Assalaam alaykum wakuu.

Nimeona bora nifungue uzi kuliko kujibu inbox moja moja. Swali ninaloletewa dukani ni lile lile: "Fundi, kidude changu kimekuwa kizito, nipigie window" (yaani nifute niweke Windows upya). Nazungumzia vile vikompyuta vya kushika mkononi vyenye Windows kamili ndani yake: ROG Ally, Legion Go, GPD za kila aina. Unguja vimeingia kidogo kidogo, vyengine vimetoka Dubai, vyengine vimeuzwa na wageni kabla hawajapanda ndege.

Window naipiga, na pesa napokea. Mashine inaruka wiki mbili tatu, halafu mwenyewe anarudisha Steam, Epic, Discord, Spotify, na kila moja ikiingia inajiandikisha yenyewe iwe inawaka pamoja na Windows. Mwezi haujesha, tumerudi pale pale.

Kwenye laptopu kubwa adhabu yake ni kusubiri mwanzoni, basi. Kwenye mashine ya mkononi unalipa mchana kutwa, na sababu ni wati. Chukua ROG Ally. Ikiwa kwenye betri ina modi tatu: Silent wati 10, Performance 15, Turbo 25. Hizo wati si za gemu peke yake. Prosesa na kadi ya picha zimo ndani ya chipu moja, zinakula sinia moja. Launcha nne (programu za kufungulia gemu, kama Steam na Epic) zikikaa nyuma zinaulizia apdeti, zinamega kwenye sinia hilo hilo, na anayelala na njaa ni gemu lako. Halafu betri yake ni Wh 40 (yaani wati 40 kwa saa moja). Mashine ikivuta wati 10 kwa jumla, hesabu inakupa saa 4. Ikivuta 13 kwa ajili ya vitu vinavyozunguka nyuma, unabaki na saa 3 na dakika chache. RAM imeandikwa 16, lakini GB 4 zimetengwa kwa ajili ya picha tokea kiwandani, Windows inabaki na 12. Na kwa joto hili la Kaskazi, chumba hakina AC, feni ndo haipumui kabisa.

Sasa kazi yenyewe. Kama huna kibodi, weka kidole kwenye alama ya Start na ukishikilie mpaka itoke menyu ndefu, chagua Task Manager. Mwenye kibodi ni Ctrl+Shift+Esc. Ingia Startup apps.

Kabla hujagusa chochote tazama juu kulia, pameandikwa "Last BIOS time". Huo ni muda uliotumika kabla Windows haijaanza kazi. Kama sekunde nyingi zimeishia hapo, unaweza kuzima orodha nzima na usione tofauti, tatizo lako liko kwengine.

Halafu tazama safu ya "Startup impact". High maana yake programu ilitumia zaidi ya sekunde 1 ya prosesa, au ilisoma na kuandika zaidi ya MB 3 kwenye diski, wakati wa kuwaka. Low ni chini ya milisekunde 300 na chini ya KB 300. Medium ndiyo iliyo katikati. "Not measured" ni kwamba bado haijapimwa, mara nyingi ni programu iliyoingia juzi tu.

Anzia kwenye High. Launcha za gemu usizozitumia kila siku, Spotify, Discord, Teams, Phone Link: shikilia kidole, chagua Disable. Programu haifutiki, ipo pale pale, ukiitaka unaigusa inafunguka.

Usiguse: chochote chenye jina la kampuni iliyotengeneza mashine yako, sauti, skrini ya kugusa, na Windows Security. Kwenye Ally, Armoury Crate ndiyo inayoendesha zile batani za pembeni na kubadilisha modi za wati. Ukiiua hiyo umejikata mkono mwenyewe.

Ukimaliza chagua Restart, usichague Shut down. Tokea Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup: ukizima, kiini cha Windows kinahifadhiwa kwenye diski ili kirudi haraka, hakianzi upya. Nina wateja wanaapa wanazima kila usiku, nikifungua Task Manager upande wa CPU, "Up time" inasoma siku kumi na kitu.

---

Ukutani_Gamer

Wa alaykum salaam. Allah akulipe fundi.

Duka moja (jina silitaji) walinichukulia Ally yangu "kuisafisha". Inawaka fasta kweli, lakini batani ya kushoto haifungui tena kile kimenyu cha wati, na nikigusa pa kuandika kibodi haitoki. Nikiwarudia wananiambia hiyo ni hadwea, inataka spea. Ni kweli?

---

FundiMlandege

@Ukutani_Gamer Spea gani tena yakhe. Hadwea nzima hiyo.

Kibodi kutotoka ni dalili kwamba hawakuishia kwenye Startup apps, wameingia hadi kwenye Services (orodha ya huduma zinazofanya kazi nyuma ya pazia) wakafagia. Chomeka kibodi yoyote ya USB kwa adapta, bonyeza Windows+R, andika services.msc. Tafuta zenye maneno "Touch Keyboard" au "Text Input", halafu zote zinazoanza na ASUS au Armoury. Ukikuta imeandikwa Disabled, gonga mara mbili, pale "Startup type" weka Automatic, bonyeza Apply, kisha Start. Restart. Kama Armoury Crate wameifuta kabisa, unaishusha tena kutoka tovuti ya ASUS wenyewe, si pengine.

---

MjuziWaMambo

Fundi, heshima yako, lakini hii habari ya startup imekuzwa. Ilikuwa na maana zama za diski za kuzunguka. Leo Ally ina NVMe (diski ya kisasa yenye kasi kubwa), programu kumi zinasomwa kabla hujapepesa jicho. RAM nayo, isiyotumika ni RAM iliyokaa bure. Mtu anazima vitu, anaona nafsi yake imetulia, anasema mashine imekuwa nyepesi. Nionesheni namba.

---

FundiMlandege

@MjuziWaMambo Kwa sekunde za kuwaka kwenye NVMe sikupingi. Ukizima Spotify hutaona ajabu. Ndiyo maana juu nimeanza na wati na sikuanza na sekunde.

Namba unazitaka, zitoe mwenyewe. Chomoa chaja, weka mwangaza wa skrini ule ule, acha mashine imekaa tu na kila kitu kimewaka, usome wati zinazovutwa (Ally ina kidirisha cha kuonesha hivyo juu ya skrini). Zima unavyotaka kuzima, restart, subiri dakika chache itulie, soma tena. Kama kwako hazikushuka, acha kama zilivyo, hakuna aliyekulazimisha.

Na usisahau kwamba si kila mtu ana NVMe. Humu kuna watu wana GPD za zamani zenye eMMC (diski ya taratibu, imechomelewa ndani). Huko habari ni nyengine kabisa.

---

BintiWete

Assalaam alaykum. Mie ni huyo wa eMMC 😂

Niko Wete, nafundisha skuli. Nna GPD Win ile ya mwanzo ya 2016, prosesa Atom, RAM 4, diski GB 64. Kaniachia kaka yangu alipokuja kutoka Oman. Wenzangu wanaicheka eti ya watoto, lakini inaingia mkobani na matokeo yote ya darasa yamo humo. Kuwaka kwake ni mtihani: nikiiwasha naweka chai jikoni.

Nimefungua kama ulivyoelekeza. Kuna mstari umeandikwa "Microsoft Windows Based Script Host", Publisher ni Microsoft Corporation. Nikasema hii ya wenyewe, nisiiguse. Ila ni High. Na jengine, sijui kama yanahusiana: folda zangu kwenye fleshi zote zimekuwa shortcut.

---

FundiMlandege

Dada @BintiWete, yanahusiana, tena sana. Hiyo usiiache.

Jina la Microsoft hapo ni la kweli, na ndipo watu wanapodanganyika. Programu yenyewe ni wscript.exe, ni ya Windows, kazi yake ni kusoma faili la maagizo na kuyatekeleza. Suala ni faili gani inasomeshwa. Shikilia kidole juu kabisa kwenye majina ya safu, pale palipoandikwa Publisher, itatoka orodha ya safu za ziada. Tia alama kwenye "Command line". Sasa utazame ule mstari: utaona wscript.exe, na mbele yake njia ndefu ya faili inayoishia .vbs au .js, mara nyingi limejificha ndani ya AppData au Temp. Hicho ndicho kirusi. Kinaingia kwa fleshi, khasa kwenye maduka ya kuchapisha: unachomeka mtihani wako utolewe kopi, unaondoka na mgeni.

Fanya hivi kwa mpango huu, usiruke:

Kwanza Disable huo mstari na u-restart. Halafu ingia Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, chagua ile Offline scan. Mashine itajizima na kuchunguzwa kabla Windows haijawaka, kwa hivyo kirusi hakipati nafasi ya kujitetea. Iache kwenye chaja, kwa Atom hiyo itachukua muda.

Folda zako hazijapotea. Zimefichwa tu na badala yake zimewekwa shortcut. Usizigonge hizo shortcut. Kirusi kikishaondoka, chomeka fleshi, fungua Command Prompt, na kama fleshi yako ni herufi E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda za asili zitajitokeza, shortcut uzifute. Kompyuta ya ofisi nayo ichunguzwe, la sivyo kesho umerudishiwa.

Kuhusu uzito wenyewe: kwenye mashine yako RAM imechomelewa na eMMC imechomelewa, hakuna cha kuongeza. Njia iliyobaki ni kupunguza mzigo. Kwa RAM 4 mimi ningeacha Windows Security, sauti, na skrini ya kugusa, basi. Padi yako ina swichi yake ya kusogeza kwa kidole, gemu au mausi, haitegemei programu, kwa hivyo huna batani ya kupoteza kama wenye Ally.

Jambo jengine nikwambie: Atom hiyo haikubaliwi na Windows 11, na Windows 10 ilimalizika msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025. Matokeo ya darasa weka kopi pengine, na mambo ya benki usiyafanyie humo.

---

BintiWete

Subhanallah. Nimeiona. Njia yenyewe ndefu, mwisho wake jina la herufi zisizosomeka kisha .vbs. Naiweka kwenye chaja sasa hivi umeme ungalipo.

---

Mzee_wa_Ng'ambo

Nunueni laptopu za watu wazima.

---

Paje_Network

Mzee, laptopu ya mtu mzima upande nayo ngazi ya tangi la maji 😄

Fundi, mimi nafunga mitandao ya hoteli pwani ya mashariki. Natumia GPD MicroPC, ile ya inchi 6, nimeipenda kwa sababu ina tundu la LAN na ile serial ya pini 9 nyuma. Naingia kwenye swichi moja kwa moja bila adapta. Prosesa ni Celeron N4100, ya wati 6, haina nguvu za kuchezea. Startup apps yangu ni safi, vitu vitatu tu. Lakini bado ikiwaka inakwenda mbio peke yake dakika nzima feni inapiga kelele. Kila hoteli ina VPN yake, kuna programu za kamera za CCTV za kampuni tofauti, na programu za printa.

---

FundiMlandege

Ahsante kwa kuuliza, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Startup apps ni mlango mmoja tu wa nyumba. Programu za CCTV na VPN huwa hazipiti hapo, zinasajili huduma. Programu nyingi za kamera zinakuja na kihifadhi data chao kizima, nacho kinawaka hata kama mwezi mzima hujafungua kamera.

Ingia services.msc, gonga kichwa cha safu ya "Startup Type" zijipange. Za kampuni za nje (VPN, kamera, printa) ziko za namna mbili. Ile unayoitumia kila siku lakini si lazima iwepo sekunde ya kwanza, iweke "Automatic (Delayed Start)": itasubiri kama dakika 2 baada ya nyengine kuwaka. Ile ya hoteli unayokwenda mara moja kwa mwezi, iweke Manual. Disabled usiitumie hovyo, maana kitu kilicho Disabled hakiwaki hata programu yake ikikiita, na utakuwa juu ya ngazi huelewi kwa nini VPN inakataa.

Gusa moja, restart, jaribu programu yake, ndiyo uende kwenye ya pili. Na uandike kwenye daftari ilikuwa vipi kabla. Za Microsoft ziache zilivyo. Kuna video mtandaoni zinakupa orodha ya huduma mia uzizime zote, hizo ndizo zinazoniletea wateja kama Ukutani_Gamer.

---

Paje_Network

Mbili za kamera nimeziweka Manual. Feni imenyamaza. VPN nitazijaribu nikiwa kwenye saiti, sitaki kujifungia nje ya mtandao wa watu usiku huu.

---

Baharia_Mkoani

Wadau, wengine tabu yetu ni bando. Nikiwa safarini nawasha hotspoti ya simu, Ally ikiunga tu, MB zinayeyuka kabla sijafungua hata barua pepe. Hilo nalo ni startup?

---

FundiMlandege

Ndilo hilo hilo ami. Kila kinachowaka na mashine, kitu cha kwanza kinachofanya ni kupiga simu nyumbani kuulizia apdeti.

Ukishaunga hotspoti, ingia Settings, Network & internet, Wi-Fi, fungua sifa za mtandao huo, washa "Metered connection". Windows itajua huu ni wa kulipia, itapunguza apdeti zake, na OneDrive kwa kawaida inasimamisha kupandisha mafaili yenyewe. Launcha za gemu usizitegemee kuheshimu hilo. Steam ina sehemu yake: Settings, Downloads, unaipangia saa za kujiapdeti. Mimi naipangia saa nane za usiku nikiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani. Na bora zaidi isiwake yenyewe kabisa ukiwa njiani.

---

Ukutani_Gamer

Batani imerudi fundi! Kibodi nayo imetoka. Lakini sasa kuna launcha moja nimeizima kwenye Startup apps, naona "Disabled" kwa macho yangu, nikiwasha iko pale inanikodolea.

---

FundiMlandege

Hongera. Kwa hiyo launcha, angalia sehemu hizi:

Settings, Accounts, Sign-in options. Kuna swichi inayosema Windows ihifadhi programu zilizokuwa wazi na kuzifungua tena ukiingia. Izime. Mara nyingi ni hiyo.

Kama si hiyo, ingia kwenye setingi za launcha yenyewe utafute pa kuwaka na Windows, kwa sababu nyengine zikijiapdeti zinajirudisha. Kama bado, Windows+R uandike shell:startup, tazama kama kuna shortcut ndani ya hiyo folda. Ya mwisho ni Task Scheduler, ambako programu inajipangia iamke mtu akiingia.

Ukichoka kuzunguka, shusha Autoruns. Ni ya Sysinternals, aliianzisha Mark Russinovich na mwenzake Bryce Cogswell, Microsoft wakainunua kampuni 2006. Ni bure, na inaonesha milango yote mahali pamoja. Ukiifungua tia alama "Hide Microsoft Entries" kwanza, la sivyo utaogopa. Mistari ya njano ni ile ambayo faili lake halipo tena, mabaki ya programu zilizofutwa. Ondoa tiki tu, usifute mstari. Tiki unairudisha, mstari uliofutwa ukaurudishie wapi?

---

Kijana_Darajani

Kuna programu ya kubusti, inasafisha RAM na startup kwa batani moja. Nawawekea kwa elfu tano tu, njooni inbox.

---

FundiMlandege

@Kijana_Darajani Mwanangu, hiyo programu yenyewe inawaka wapi? Kwenye startup. Inakaa nyuma inahesabu RAM kila sekunde, kila ikiisafisha Windows inalazimika kuvisoma tena vile vile ilivyovitupa. Hapo umemuongezea mteja mzigo na umemtoza. Kama unataka kazi, njoo nikufundishe services.msc, sikutozi.

---

Jangombe_Deck

Sie wenye Steam Deck je? Naona mmetusahau.

---

FundiMlandege

Nyie hamna taabu nyingi ndiyo maana. SteamOS (mfumo wa Steam Deck) ni Linux, si Windows, na ukiwa kwenye Gaming Mode desktopu haiwaki kabisa, kwa hivyo vile ulivyoviweka vianze kwenye desktopu navyo vimelala. Ukiwa Desktop Mode, ingia System Settings, Autostart, uondoe usivyovitaka. Ukitaka kujua nani anachelewesha, fungua Konsole (dirisha la kuandika amri) uandike systemd-analyze blame, itakupangia kuanzia mzito. Kama umeweka Decky (kijiprogramu cha kuongezea plagini kwenye Deck) na plagini zake, anza kushuku hapo, khasa baada ya Steam kujiapdeti.

Windows nao wameamka: ROG Xbox Ally zilizotoka Oktoba 2025 zina modi ya skrini nzima, zinaingia moja kwa moja kwenye Xbox bila kupakia desktopu yote wala zile programu za startup. Microsoft wanasema inaokoa hadi GB 2 za RAM. Hata wao wenyewe wameona suluhisho ni kutoviamsha.

---

MjuziWaMambo

Nimepima. Imeshuka wati 2 na kidogo, Silent, skrini mwangaza nusu. Iliyokuwa inakula zaidi si launcha, ni programu ya taa za rangi za kibodi ambayo nilishaiuza kibodi yenyewe.

---

FundiMlandege

@MjuziWaMambo Iondoe kabisa hiyo, usiizime tu. Na ukishaiondoa pitia Services, programu za taa huacha huduma yao nyuma.